Sanaa na Burudani Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tamasha la sanaa la Bagamoyo linapokaribia, watu huanza kuniuliza: ndugu walioko Dar, marafiki wa Arusha, na wengine ambao hatujawahi kuonana. Maswali yenyewe hayabadiliki sana, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Ninayejibu ni mkazi wa mji huu ninayeipenda sanaa yake. Sisemi kwa niaba ya chuo cha sanaa cha hapa wala ya halmashauri. Na kuna jambo nalisisitiza tangu mwanzo: siku za tamasha ni nzuri, lakini sanaa ya Bagamoyo haiishi kwa siku hizo peke yake.

Ninavyojua Bagamoyo ni mji wa historia ya misafara na watumwa. Hii habari ya sanaa imetoka wapi?

Imetoka chuoni. Baada ya Uhuru, serikali iliunda vikundi vya taifa: kwanza ngoma, kisha sarakasi, kisha maigizo. Vijana wa sarakasi walipelekwa China miaka ya 1960 wakasomea fani hiyo huko kabla ya kurudi kuionyesha nyumbani. Vikundi hivyo vilipovunjwa, mawazo yalikuwa kwamba ujuzi ule usipotee, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Tangu mwaka 2007 kimekuwa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi tunaiita TaSUBa. Wazee bado wanasema "Chuo cha Sanaa" au "chuoni" tu, na dereva wa bajaji anaelewa.

Ninachotaka ukitambue ni kwamba walimu wa mwanzo walikuwa wachezaji. Walikuja na ngoma za kwao mikononi na miguuni: huyu Mgogo, yule Mmakonde, mwingine Msukuma au Mngoni. Wakawafundisha vijana waliotoka mikoa yote. Ndiyo maana utamkuta kijana wa Kagera anapiga ngoma ya Kizaramo vizuri kuliko kijana wa Kizaramo aliyekulia mjini. Tena wahitimu wengi hawaondoki. Wanapanga vyumba, wanaanzisha vikundi, wanaoa na kuolewa hapa, na watoto wao wanajifunza kupiga ngoma kabla ya kujua kusoma. Miaka zaidi ya arobaini ya mtindo huo ndiyo iliyoufanya mji mdogo wa wavuvi na wakulima uwe na wasanii wengi namna hii.

Kwani Bagamoyo kuna chuo kimoja tu?

Hapana. Kuna Chuo Kikuu cha Marian cha Wakatoliki, kuna ADEM inayowafunza viongozi wa elimu, na kule Mbegani kuna chuo cha uvuvi. Wanafunzi wa vyuo hivyo ndio watazamaji wakubwa wa burudani za mwisho wa wiki. Ukikuta ukumbi umejaa vijana wanaoshangilia kupita kiasi, ujue jirani zao wa chuo kingine wako jukwaani.

Tamasha lenyewe hufanyika lini?

Jina lake kamili ni Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya chuo kufunguliwa, na awamu ya 40 ilifanyika mwaka 2021. Zamani lilikuwa likiangukia mwishoni mwa Septemba; miaka ya karibuni limekuwa Oktoba au Novemba. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kwa kukisia. Subiri tangazo la TaSUBa.

Ujue pia kwamba Oktoba na Novemba ni majira ya vuli. Mvua ya mchana ya muda wa saa moja haizuii lolote jioni, ila viatu vyako vitaonja tope.

Nikija tamashani nitaona nini hasa?

Mchana kuna maonyesho ya bidhaa, semina, michezo ya watoto, na vikundi vidogo vinavyopewa nafasi kabla jua halijatua. Usiku ndipo ukumbi mkubwa unapowaka. Utaona ngoma, maigizo, sarakasi, muziki wa bendi, na vikundi kutoka nchi nyingine. Ukumbi wa zamani ulioezekwa makuti uliteketea kwa moto mwaka 2002, na hasara ile iliuumiza mji mzima. Uliopo sasa ni mkubwa zaidi na umejengwa kwa zege na paa refu, na upepo wa bahari unapita ndani.

Kuhusu ngoma zenyewe, nitataja chache ambazo ukizisikia zinatangazwa usitoke kwenda kununua soda. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma ya jembe: wachezaji wanarusha majembe hewani na kuyadaka huku ngoma kubwa zikiwaharakisha. Muheme ni ya akina mama wa Kigogo, wanaobana ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, na ukiwasikia kumi wakipiga pamoja utaelewa kwa nini wanaume wa kule huwa wanakaa kimya. Sindimba ya Wamakonde ni ya kiuno, na ilipata umaarufu nchi nzima kupitia kikundi cha taifa. Lizombe inatoka kwa Wangoni wa Songea. Msewe ni wa Pemba, na miguu ya wachezaji inalia kila wanapokanyaga. Na mdundiko, ambao ni wa wenyeji wetu Wazaramo, hautulii mahali pamoja: ni ngoma ya kutembea, inaanza kwenye nyumba yenye shughuli, inashika barabara, na watu wanaifuata wakiongezeka kila kona.

Ngoma ya jukwaani ni sawa na ile ya kijijini?

Si sawa, na nafurahi swali hili linapoulizwa. Kijijini ngoma ina sababu yake. Mwali anatolewa, mavuno yameingia, mtu ameaga dunia, au watu wanalima shamba moja kwa ushirika. Inaweza kukesha. Mtazamaji na mchezaji hawatenganishwi. Ukipata hisia unaingia, ukichoka unatoka, na manju anatunga mashairi papo hapo kwa kuwataja watu waliokuwepo. Jukwaani ngoma hiyohiyo inapewa dakika kumi. Wachezaji wanapangwa kwa mistari, wanatazama mbele, wanaingia na kutoka kwa mpangilio, na nyimbo zinazomhusu mtu fulani zinaachwa. Ngoma za unyago zinabaki na miondoko yake lakini mafundisho yake hayasemwi, kwa sababu hayakukusudiwa kila sikio.

Wapo wanaosema huko ni kuiua ngoma. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Bila chuo, miondoko mingi ingekuwa imebaki kwa wazee wachache na kuondoka nao. Lakini nakubali kwamba mtu aliyeiona ngoma jukwaani peke yake ameona sehemu ndogo. Ndiyo maana huwa nawaambia wageni wangu: ukisikia ngoma mtaani, huko Magomeni ya hapa Bagamoyo au vijiji vya jirani, simama. Uliza ni shughuli gani. Ukikaribishwa, kaa nyuma na utazame. Hapo utapata kilichoachwa nje ya zile dakika kumi.

Nikija siku ya kawaida, nje ya tamasha, kuna cha kutazama?

Kipo, na kwa maoni yangu hapo ndipo raha ilipo. Muhula unapoendelea, chuoni ni mazoezi kutwa. Ukipita asubuhi utasikia tarumbeta ikirudia sauti moja mpaka inyooke, ngoma zikipigwa chini ya miti, na sauti ya mtu anayekariri maneno ya mchezo wa kuigiza peke yake kama vile anagombana na ukuta. Nenda ofisini, jitambulishe, omba kutazama. Ukiomba kwa adabu, ni nadra kunyimwa.

Mwishoni mwa muhula wanafunzi wanaonyesha kazi zao za mitihani mbele ya watu. Haya maonyesho hayatangazwi sana na watu wengi hawayajui. Lakini huko ndiko utaona michezo ya kuigiza iliyoandikwa na vijana wenyewe kuhusu mikopo, ndoa za utotoni, mapenzi ya simu, na mashamba yanayouzwa kwa watu wa mjini. Hakuna taa za kifahari. Kuna mwanafunzi ambaye alama zake zinategemea dakika arobaini zile, na anatoa kila alichonacho. Kihistoria hata tamasha lilikuwa na roho hiyo ya kuuonyesha umma wanafunzi wamefikia wapi. Ningependa wenyeji wa Dar wanaokuja kwa mabasi siku za tamasha waje pia siku hizi, hata ishirini tu.

Jioni, ufukweni karibu na chuo, vijana wa sarakasi wanafanya mazoezi kwenye mchanga. Wanapandiana mabegani mpaka watu watatu kwenda juu, wanabingirika, wanaanguka, wanaamka. Mafunzo yao ni mtoto wa yale yaliyotoka China miaka ya sitini, yakapita mikono mingi. Maji yakiwa yamekupwa ndiyo saa nzuri, kwa kuwa mchanga unakuwa mpana na mgumu.

Nisikie basi kuhusu Hukwe Zawose. Ni kweli aliishi hapa?

Ni kweli. Mzee Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, mpigaji wa zeze na wa ilimba, chombo cha vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, mwenye sauti inayopanda juu sana na kushuka chini sana ndani ya pumzi moja. Mwalimu Nyerere alimsikia, na miaka ya 1960 aliletwa Dar es Salaam kuwa msanii wa taifa. Baadaye akawa mwalimu hapa chuoni. Alizunguka dunia na muziki wake, akarekodi Uingereza katika studio za mwanamuziki Peter Gabriel, na kila mara akarudi Bagamoyo. Alifariki hapa mwaka 2003.

Ukoo wake bado uko mjini na bado unapiga. Mwanawe Msafiri Zawose anachanganya ilimba na vyombo vya kisasa. Pendo na Leah Zawose, wanaoitwa Zawose Queens, wamefanya jambo ambalo lilichukua muda mrefu mno kutokea: wanawake wa ukoo, ambao kwa miaka mingi walikuwa waitikiaji na wachezaji, wamekuja mbele na kuongoza. Ukibahatika kuwakuta wanapiga nyumbani, utasikia jinsi sauti za Kigogo zinavyopangwa moja juu ya nyingine bila noti yoyote kuandikwa. Vyombo vyao wanavitengeneza wenyewe. Ilimba moja inaweza kuwa na vijiti vya chuma vingi kuliko vidole vya wapigaji watatu, na kila kijiti kinasogezwa mbele au nyuma kidogo kidogo mpaka sauti ikae.

Ombi langu: usiende nyumbani kwa watu kama unaingia makumbusho. Tafuta mtu wa kukutambulisha, panga siku, na ukubaliane malipo ya onyesho mapema.

Nawatunzaje wasanii? Naona watu wanapanda na hela.

Kutunza ni desturi yetu ya pwani, kwenye taarabu na kwenye ngoma. Unainuka, unakwenda kwa mwendo wa kucheza, unampa mwimbaji mkononi au unamwekea kwenye paji la uso, unarudi. Si rushwa wala si dharau. Ni namna ya kusema nimekusikia. Kwenye ngoma za mtaani na kwenye bendi, tunza wakati wowote. Kwenye mchezo wa kuigiza usipande, utamtoa mtu kwenye uhusika. Subiri mwisho. Kwenye sarakasi usipande kabisa, kwa usalama wao na wako.

Naomba niseme na hili. Wapo wageni wanaotunza elfu moja, wakarekodi video ya onyesho zima, wakaitumia kutangaza biashara zao. Msanii huyo ana kodi ya chumba. Ukitaka kurekodi kwa matumizi ya biashara, kaa na kiongozi wa kikundi, andikeni makubaliano, lipa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania inamlinda mwimbaji na mpigaji, siyo mtunzi peke yake. Na kama ni filamu au tangazo, kuna vibali vya serikali vya kupata kabla hujaweka kamera.

Picha za kawaida je?

Jukwaani piga, bila mwanga wa kamera. Mitaani, omba ruhusa kwanza. Wanawake wengi wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo hawapendi kupigwa picha, na wavuvi sokoni nao wamechoka kugeuzwa mandhari.

Nifikeje kutoka Dar es Salaam?

Mabasi ya Bagamoyo yanapatikana kituo cha Makumbusho. Ni kama kilomita 70 kwa barabara ya lami kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Barabara ikiwa wazi unafika ndani ya saa moja na nusu au mbili. Foleni ya Mwenge hadi Tegeta ikikukamata, hesabu zaidi. Kituo cha hapa unashukia, unachukua bajaji au bodaboda, unasema "TaSUBa".

Watu wa Tanga, Moshi na Arusha, msiende hadi Dar halafu mrudi. Shukeni Msata, kuna barabara ya lami inayokuja Bagamoyo moja kwa moja. Hili watu wengi hawalijui na wanapoteza nusu siku kituo cha mabasi cha Magufuli bure.

Kutoka Unguja, panda boti hadi Dar kisha basi. Majahazi unayoyaona bandarini ni ya mizigo, usijaribu.

Naweza kuja na kurudi siku hiyohiyo?

Kwa maonyesho ya mchana, ndiyo. Kwa usiku, hapana. Onyesho kubwa huwa la mwisho, na saa hizo mabasi yameshalala. Zipo nyumba za wageni za bei ya chini mjini na hoteli za ufukweni kwa mwenye uwezo. Wiki ya tamasha zinajaa, na wengine hulala kwa wenyeji. Weka nafasi mapema.

Mchana nifanye nini wakati nasubiri jioni?

Tembea. Mji Mkongwe una nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi, mingine imetunzwa na mingine inaanguka huku tunaitazama, jambo linaloniuma. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 liko pale. Mji huu uliwahi kuwa makao yao makuu kabla hawajahamia Dar es Salaam. Kuna Caravan Serai palipopumzika misafara. Kuna makumbusho ya Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa mmisionari David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake kina Chuma na Susi kutoka ndani kabisa ya bara, ulilazwa mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Nenda Kaole asubuhi na mapema au baada ya saa tisa, jua la saa sita ni kali mno.

Wachoraji na wachongaji wana vibanda na karakana katika Mji Mkongwe. Wengi ni wahitimu wa chuo. Ukinunua karakanani unampa hela aliyeshika patasi. Bei zinajadiliwa, lakini usimshushe mtu mpaka chini ya bei ya mti wenyewe. Muulize ni mti gani. Mpingo wa kweli ni mzito, na haupakwi rangi ya viatu ili uwe mweusi.

Chakula?

Soko la samaki ufukweni, jioni. Samaki wa kukaanga, pweza, ngisi, mihogo, na pilipili ya ndimu. Asubuhi kuna vitumbua na chai ya tangawizi kila kona. Madafu mchana.

Sisi ni Waislamu, tunasikia Bagamoyo ina maulidi makubwa. Ni sehemu ya burudani hizi?

Si burudani, ni ibada, lakini anayependa sauti za watu wa pwani asiache kuyajua. Bagamoyo ilikuwa ngome ya tarika ya Qadiriyya, njia ya masufi, chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa hapa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akiwa mtoto, akiwa mtumwa, akajisomea mpaka akawa mwanachuoni mkubwa na liwali wa mji. Alifariki mwaka 1931. Maulidi aliyoyaanzisha yalivuta watu kutoka mbali, na wanawe na wafuasi wakayaendeleza. Mtu aliyetoka utumwani akawa kiongozi wa mji uliojengwa kwa biashara hiyo: kwangu hii ni habari kubwa kuliko ya mgeni yeyote aliyepita hapa, na nasikitika haisimuliwi vya kutosha.

Mwezi wa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, utasikia kasida na zikri usiku. Mgeni anakaribishwa akivaa kwa heshima na kukaa anapoelekezwa. Simu mfukoni.

Na Ramadhani?

Muziki hupungua sana mjini. Usipange safari ya ngoma mwezi huo. Njoo kwa futari na utulivu.

Nivae vipi?

Ukumbini, utakavyo. Mitaani wanawake wafunike mabega na magoti. Khanga moja kwenye mkoba inatosha kwa hali zote. Wanaume msitembee vifua wazi nje ya ufukwe.

Naweza kuja na watoto wadogo?

Waje. Sarakasi ndiyo itakayowamaliza. Wakiona wenzao wa umri wa miaka kumi wanabinuka, watakusumbua mwezi mzima, kwa hiyo uwe tayari kuweka godoro chini. Sauti za usiku ni kubwa, kaeni mbali na spika. Wanaotumia viti vya magurudumu, ulizeni chuoni mapema mlango wa kuingilia. Njia za mchanga kutoka barabarani zinasumbua.

Kuna muziki wa vijana, singeli, bongo fleva?

Upo kila mwisho wa wiki. Harusi na shughuli za mtaani zina singeli ya kasi mpaka usiku mwingi, na baa kubwa huleta bendi. Kinachonifurahisha hapa ni kwamba mpigaji wa kinanda kwenye bendi ya Jumamosi mara nyingi ni mwanafunzi uliyemwona Jumatano akipiga ngoma za Kikwere. Hawaoni mgongano wowote, nami siuoni.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusoma sanaa. Mama mzazi nimeingiwa na hofu. Unanishauri nini?

Mama, hofu yako naielewa, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kukataa. TaSUBa inatoa astashahada na stashahada zinazotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi: muziki, ngoma, maigizo, sanaa za ufundi, pamoja na uzalishaji wa filamu na televisheni. Sifa za kujiunga zinatolewa kila mwaka kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET; soma huo, usitegemee maneno ya mtu.

Kuhusu maisha baada ya chuo, sitakudanganya. Wengi hawapati ajira ya ofisini. Wanaofanikiwa ni wale waliotoka na fani mbili: mchezaji anayejua pia taa na sauti, mwigizaji anayeweza kushika kamera na kuhariri, mpigaji anayeweza kufundisha shuleni. Wengine wanafundisha, wengine wako redioni na kwenye televisheni, wengine hotelini Unguja. Mlete binti siku ya kawaida, siyo siku ya tamasha. Mtazame mazoezi ya saa mbili asubuhi. Akitoka pale bado anataka, basi anakitaka kweli. Na wewe utawaona walimu kwa macho yako na kuuliza habari za mabweni, jambo ambalo kila mzazi ana haki nalo.

Mimi si mwanafunzi, nataka tu kujifunza ngoma wiki mbili. Inawezekana?

Inawezekana. Chuo hupokea watu wa mafunzo mafupi, na wapo walimu na wahitimu wanaofundisha binafsi. Kubaliana bei, saa na chombo kabla ya kuanza. Lete nguo nyepesi na uvumilivu. Siku ya kwanza mwalimu anaweza asikupe ngoma. Atakupa kayamba au makofi, ukae kwenye mapigo. Usinune. Na ngoma ikianza kutoa sauti ya kulegea utamwona akiisogeza kwenye moto wa makaratasi au juani, ngozi ikaze. Hilo nalo ni somo, angalia anavyoisikiliza kwa kidole.

Kikundi chetu kinataka kupanda jukwaani tamashani. Tuanzie wapi?

Anzeni miezi mingi kabla. TaSUBa hutoa mwito wa kushiriki. Andaeni barua, maelezo mafupi ya kikundi, video safi ya dakika chache isiyohaririwa kupita kiasi, na usajili wenu wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, uwe hai. Ulizeni waziwazi ni nani anagharamia nauli, malazi na chakula, na mpate jibu kwa maandishi. Vikundi vya vijijini huwa vinaona aibu kuuliza, halafu akina mama wazima wanalala kwenye mkeka bila chandarua. Msione aibu.

Ratiba naipata wapi?

Kwa tamasha, kurasa rasmi za TaSUBa mtandaoni na redio. Kiingilio hutangazwa pamoja na ratiba. Kwa maonyesho ya wanafunzi, piga simu chuoni mwezi mmoja kabla ya muhula kufungwa, au fika getini uangalie ubao wa matangazo. Kwa ngoma za mtaani hakuna ratiba: waulize madereva wa bajaji Ijumaa mchana, wao ndio wanaokodiwa kupeleka vyombo.